Mwezi mmoja wa fantasia: hesabu kwanza, rundo la vitabu baadaye

Mfululizo wa The Wheel of Time, wa fantasia, yaani hadithi za dunia za kubuni zenye uchawi, una juzuu 14, ukiacha kile kitabu cha matukio ya awali kilichotoka 2004. Robert Jordan alianza kuutoa mwaka 1990, akafariki 2007 kabla hajaumaliza, na Brandon Sanderson akaandika juzuu tatu za mwisho hadi 2013. Kwa ujumla ni zaidi ya maneno milioni nne. Mchukue msomaji wa maneno 200 kwa dakika, kasi ya kawaida tu kwa mtu aliyejifunzia Kiingereza darasani. Atahitaji saa 333. Zigawe kwa siku 30: saa 11 kila siku iendayo kwa Mungu, bila kazi, bila msiba, bila harusi ya binamu.

Utasema hakuna mwenye akili timamu anayepanga kuusoma wote kwa mwezi mmoja. Sawa. Ila tazama marundo ya vitabu vya kusoma mwezi huo, yanayopigwa picha na kuwekwa mitandaoni kila tarehe mosi, vitabu tisa, kumi, viwili kati yake vinene kama tofali. Kosa ni lilelile, limepungua ukubwa tu. Ikifika tarehe 12 kimesomwa kimoja na nusu, mwenye rundo anajiita mvivu, na mwezi unafia hapo. Uvivu haukuhusika. Rundo lilipangwa kwa macho, halikupangwa kwa kalamu.

Pima kasi yako

Chukua riwaya ya fantasia uliyoifikisha katikati. Weka saa ya simu dakika kumi, soma kama unavyosoma siku zote, hesabu kurasa, zidisha kwa sita. Hiyo ndiyo kasi yako kwa saa. Usipimie sura ya kwanza, maana pale majina ya watu, miji na miungu yanamiminwa kwa pamoja na kila mtu huenda polepole. Usipimie sura za mwisho pia, kwa sababu pale kila mtu hukimbia.

Pima mara tatu: asubuhi, ukitoka kazini, na saa nne usiku. Kisha tumia ile ndogo kuliko zote, kwa sababu kurasa nyingi utazisoma saa hizo za uchovu.

Kuna takwimu inayozunguka kwamba mtu mzima husoma hadithi kwa wastani wa maneno 260 kwa dakika. Inatokana na kazi ya Marc Brysbaert ya mwaka 2019, aliyejumlisha tafiti nyingi za usomaji wa Kiingereza. Usijipimie nayo kama lugha hiyo uliikuta shuleni. Wala usiihamishie kwenye Kiswahili, ambacho neno lake moja hubeba mzigo wa sentensi. «Nisingalimwambia» ni neno moja. Kiingereza kinalihitaji sita kusema jambo hilohilo. Ndiyo maana nashauri uhesabu kurasa kwa saa, na upime upya kila unapobadilisha lugha. Wengi hushangaa kuona kwamba kurasa zao za Kiswahili kwa saa ni chache kuliko walivyodhani, hasa wakikutana na Kiswahili kilichopambwa.

Sasa hesabu saa. Mwezi wa siku 30 ulioanza Jumatatu una siku 22 za kazi na 8 za mwisho wa wiki. Ukiweka saa moja kwa siku ya kazi na saa tatu kwa Jumamosi na Jumapili, unapata 22 na 24, jumla 46. Toa robo. Robo hiyo ni ya umeme kukatika, wageni kuingia bila hodi, mtoto kupata homa, na ile wiki ya kufunga mahesabu ofisini. Zinabaki kama saa 34 na nusu. Kwa mtu wa kurasa 30 kwa saa, mwezi wake una kurasa 1,035. Namba hiyo iandike juu ya karatasi kabla hujaandika jina la kitabu chochote.

Kurasa 1,035 ni chache kuliko tamaa, na ni nyingi kuliko watu wanavyosoma kwa miezi mitatu ya kubahatisha. The Way of Kings ya Sanderson peke yake, yenye maneno karibu 380,000 na kurasa zaidi ya 1,000 kwenye jalada gumu, inaumeza mwezi mzima na kudai masalio. Ukitaka kuisoma, isome hiyo tu, na usiweke kitabu kingine pembeni kwa sababu ya aibu ya orodha fupi.

Mfululizo mmoja umalizwe

Mwezi wa kuziba viporo una kazi moja: kuufunga mfululizo ulioachwa njiani. Mmoja. Ukifungua mitano, mwishoni utakuwa na viporo vitano, kila kimoja kimesogea sura chache, na majina yamechanganyika kichwani.

Kabla ya kuchagua, jua mfululizo uko hali gani: umekamilika, unaendelea, au umekwama. A Song of Ice and Fire ya George R. R. Martin ilianza 1996, na kitabu cha tano kilitoka 2011 bila kuufunga mfululizo. Ukiusoma leo unasoma kwa kujua kwamba huna mwisho. Si dhambi, lakini usiuite kiporo, maana si wewe uliyeuacha njiani. Broken Earth ya N. K. Jemisin ni kinyume chake: vitabu vitatu, 2015, 2016 na 2017, kila kimoja kikachukua tuzo ya Hugo ya riwaya bora mwaka uliofuata, jambo ambalo halikuwahi kumtokea mwandishi yeyote kabla yake. Vimeisha, vinasubiri. Tatizo ni kwamba kila kimoja kina kurasa mia nne na kitu, kwa hiyo vyote vitatu havienei kwenye kurasa 1,035. Viwili vinaenea. Mwenye kasi ya kurasa 40 kwa saa anavimaliza vyote, kwa kujibana.

Mfululizo wa Tomi Adeyemi wa dunia ya Orïsha ni mfano mzuri wa kiporo halisi. Cha kwanza kilitoka 2018, cha pili 2019, na cha tatu, Children of Anguish and Anarchy, kikaja 2024. Waliosoma viwili vya kwanza vikiwa vya moto walikaa karibu miaka mitano bila mwisho. Kilichobaki ni kitabu kimoja tu, na hiyo ndiyo bei nafuu kuliko zote kwenye rafu: kitabu kimoja kinafunga vitatu. Viporo vya namna hiyo vitangulie.

Nunua kwa kusoma jalada la nyuma na ukurasa wa hakimiliki

Hapa ndipo pesa hupotea, hasa Afrika Mashariki, ambako matoleo ya Uingereza ndiyo mengi madukani na kwenye vitabu vya mtumba.

Wachapishaji wa Uingereza hukata vitabu vinene vipande viwili vinapotoka kwa jalada laini. The Way of Kings iliuzwa hivyo, sehemu ya kwanza na ya pili. A Storm of Swords, juzuu ya tatu ya Martin, iko kwa vipande viitwavyo Steel and Snow na Blood and Gold. A Dance with Dragons ikakatwa kuwa Dreams and Dust na After the Feast. Mtu ananunua Blood and Gold akidhani ni juzuu ya nne, anafungua, anakuta amedondokea katikati ya vita. Mwingine anamaliza Steel and Snow, anaona hadithi imekatika ghafla, anamlaumu mwandishi. Kwa hiyo angalia uti wa kitabu na ukurasa wa hakimiliki. Kama kuna «1» au «Part One» baada ya jina, unashika nusu.

Majina nayo hubadilika kwa kuvuka bahari. Northern Lights ya Philip Pullman, ya 1995, huitwa The Golden Compass Marekani. Akata Witch ya Nnedi Okorafor ilichapishwa na Cassava Republic ya Nigeria kama What Sunny Saw in the Flames. Kitabu kilekile, majalada mawili, na mwenye haraka hununua vyote viwili akidhani kimoja ni mwendelezo wa kingine.

Kwenye mtumba sheria ni moja: juzuu ya tatu utaikuta, ya kwanza hutaikuta. Sababu ni rahisi. Watu huitunza ile ya kwanza waliyoipenda na kutoa zile walizoshindwa kuzimaliza. Ukiikuta ya tatu ya mfululizo unaoufuata, inunue bila kungoja, uihifadhi. Usianze kuisoma kwa sababu tu umeipata kwa bei ya maandazi.

Faili za PDF zinazorushwa kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram siziwekei mpango. Mwandishi hapati chochote, hilo la kwanza. La pili ni la kiufundi: nyingi zimepigwa picha kurasa kwa kurasa, ramani imekatwa, maneno ya mshazari yamegeuka takataka, na mara nyingine kurasa thelathini hazipo na hujui mpaka umefika pale. PDF pia haijipangi upya kwenye kioo cha simu. Unasukuma ukurasa kushoto na kulia mpaka jicho linachoka. Faili la EPUB hujipanga, mara nyingi halizidi MB chache, na programu kama Google Play Books hukuruhusu kupandisha lako mwenyewe.

Walioko Ulaya na Amerika Kaskazini wenye kadi ya maktaba ya mji wanaweza kuazima kwa programu ya Libby bila kulipa. Mtego wake ni foleni. Ukiweka oda nne siku moja zinaweza kukomaa wiki moja, na mkopo ni wiki mbili au tatu tu. Weka oda mwezi mmoja kabla. Kitabu kikija mapema, tumia kile kitufe cha kuahirisha kukipokea: unabaki kwenye foleni na anayefuata anasoma.

Mpangilio wa kusoma

Kanuni yangu ni fupi: kwa mara ya kwanza, soma kwa mfuatano wa kuchapishwa. Mwandishi alijua nini umeshakijua na nini bado. Narnia ya C. S. Lewis ndiyo ugomvi wa siku zote. Kilichotoka kwanza, 1950, ni The Lion, the Witch and the Wardrobe. Matoleo ya sasa huweka namba 1 kwenye The Magician's Nephew, kilichotoka 1955, kwa kuwa kinasimulia mwanzo wa dunia hiyo. Ukianza nacho, ile taa ya barabarani iliyosimama katikati ya msitu unaelezwa ilikotoka kabla hujapata nafasi ya kuishangaa.

Discworld ya Terry Pratchett ndiyo inayovunja kanuni. Ni riwaya 41, kuanzia 1983 hadi 2015, na mbili za mwanzo si bora zake. Fuata uzi mmoja. Uzi wa askari wa jiji unaanza na Guards! Guards! ya 1989, unafuata Men at Arms, kisha Feet of Clay, na kuendelea. Vitatu hivyo kwa mwezi mmoja ni mzigo wa wastani, na unaweza kusimama pale bila deni.

Halafu kuna vijitabu vya katikati, ambavyo havina namba kwenye uti na kwa hiyo hurukwa. Kwenye Stormlight Archive ya Sanderson, Edgedancer inakaa baada ya juzuu ya pili na Dawnshard baada ya ya tatu. Anayeiruka ya kwanza hukutana na mhusika Lift baadaye na kujiuliza huyu binti kabadilika lini. Kabla ya kuanza, tafuta orodha kamili kwenye tovuti ya mwandishi au mchapishaji, pamoja na novela, yaani riwaya fupi. Dakika tano.

Kumbukumbu ndiyo kazi yenyewe

Kurudia mfululizo mzima kabla ya juzuu mpya ni anasa ambayo mwezi wa kurasa 1,035 hauna. Kuingia mkavu nako ni kupoteza sura tano za kwanza ukijiuliza nani ni nani. Njia ya katikati ni kadi: karatasi moja, nusu ukurasa, yenye majina yasiyozidi sita, kila mmoja yuko wapi na anadai nini, na swali moja au mawili ambayo kitabu kilichopita hakikuyajibu.

Nichukue mfululizo wa Earthsea wa Ursula K. Le Guin, kwa sababu una shimo kubwa katikati. Vitatu vya kwanza vilitoka kati ya 1968 na 1972. Cha nne, Tehanu, kikaja 1990, miaka 18 baadaye. Vikafuata Tales from Earthsea na The Other Wind, vyote 2001. Wasomaji wengi wameishia cha tatu, wakidhani safari imekwisha. (Kama hujafika hapo, ruka aya tatu zinazofuata.)

Kosa la kawaida ni kurudia The Farthest Shore, cha tatu, ili kujiandaa na Tehanu. Tehanu haianzii pale. Mhusika wake mkuu ni Tenar, na Tenar hayumo kabisa kwenye kitabu cha tatu. Kinachopaswa kurudiwa ni cha pili, The Tombs of Atuan, na wala si chote; sura tatu za mwisho zinatosha. Cha tatu kinahitaji mistari miwili tu kwenye kadi. Kadi yenyewe iwe hivi:

Tenar: kuhani wa makaburi ya Atuan, aliitwa Arha. Alitoka na Ged akiwa msichana, wakaipeleka pete Havnor.
Ogion: mwalimu wa kwanza wa Ged. Re Albi, kisiwa cha Gont.
Ged: mjuzi, alikuwa mkuu wa chuo cha Roke. Mwisho wa kitabu cha 3 uwezo wote umemwishia, joka Kalessin limempeleka Gont.
Arren: jina la kweli Lebannen. Mfalme mpya.
Swali: nani atashika kiti cha Roke?

Imetosha. Ukiwa na mistari hiyo, sura za kwanza za Tehanu zinafunguka: mjane shambani, katikati ya umri, anaitwa kwenda kwa Ogion anayekufa. Na jiandae, ni kitabu cha polepole, cha jikoni na mbuzi na mtoto aliyeungua. Anayekitafutia majoka kila ukurasa hukitupa. Usikisome kwenye daladala huku kondakta anapiga kelele. Kipe saa za jioni. Kinachofuata, Tales from Earthsea, ni hadithi tano, na watu hukiruka kwa kuwa ni hadithi fupi. Hadithi yake ya mwisho, Dragonfly, ndiyo daraja la kuingia The Other Wind. Ukibanwa na muda soma hata hiyo moja, ila usivuke bila daraja.

Neno dogo kuhusu lugha hapo. Ukimsimulia mtu kwamba Ged ni mchawi, umeshamharibia kitabu. Atamwona mtu wa usiku, wa chuki na ndumba. Mganga naye sivyo. Kwenye kadi niandike «mjuzi» na maisha yaendelee. Kadi ni yako, andika kwa neno litakalokukumbusha haraka.

Tovuti za mashabiki zenye kurasa za wahusika ni hatari kwa kazi hii. Ule mraba wa pembeni unaonyesha hali ya mhusika, hai au marehemu, kwa hesabu ya kitabu cha mwisho kabisa, na jicho linafika pale kabla hujalizuia. Tafuta muhtasari wa kitabu kizima cha nyuma, wenye jina la kitabu hicho, usome huo tu. Kabla ya yote funua kurasa za mwisho za kitabu ulicho nacho: The Fifth Season, kwa mfano, ina faharasa ya maneno yake nyuma kabisa, na wengi huigundua wakishamaliza.

Mwezi wenyewe

Kwa mtu wa kurasa 250 kwa wiki anayefunga Earthsea, hivi ndivyo ninavyoupanga.

Siku mbili za kwanza ni za sura tatu za Atuan na kuandika kadi. Kisha Tehanu, kama kurasa 250 kutegemea toleo, hadi Jumatatu ya tarehe 8. Usiunganishe moja kwa moja na kinachofuata. Vitabu viwili vizito mfululizo ndivyo vinavyoua wiki ya pili, kwa sababu kichwa bado kiko kwenye kile cha kwanza na mkono unakwenda kwenye simu. Weka kituo chepesi: The Empress of Salt and Fortune ya Nghi Vo, novela ya kurasa kama 120 iliyopata Hugo ya novela mwaka 2021. Ni ya kwanza kwenye mfululizo wa mtawa anayezunguka akikusanya hadithi pamoja na hudihudi asiyesahau kitu. Novela hizo zinasomeka kwa mpangilio wowote, ndiyo maana zinafaa kuwa kituo, hazikuachii deni. Siku tatu, tarehe 9 hadi 11.

Tarehe 12 hadi 19 ni Tales from Earthsea. Hadithi zinakaa vizuri katikati ya wiki, maana kila jioni ina mwisho wake. Ya kwanza, The Finder, ni ndefu. Ipe Jumamosi na Jumapili ya tarehe 13 na 14, na jioni ya Ijumaa soma sura chache tu za mwanzo wake.

Tarehe 20, kituo kingine, na hiki kiwe cha Kiswahili. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, 1952, haifiki kurasa 100 na ina kila kitu anachokitaka mpenzi wa fantasia: mfalme mdadisi, majini, na wale ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa manyani na kupigwa kila usiku na ndugu yao anayewapenda. Isome kwa sauti, hata ya kunong'ona. Sentensi zake zimepimwa kwa sikio, na ukizikimbiza kwa jicho unazichosha. Aliyeisoma shuleni kwa mtihani aijaribu Kusadikika, ya 1951, nchi iliyo hewani na wajumbe wake sita. Ila tahadhari na Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi. Zina kurasa chache, lakini si vituo vya kupumzikia, ni mlima. Zipe mwezi wake.

Kuanzia Jumapili ya tarehe 21 hadi 27 ni The Other Wind. Tarehe 28 hadi 30 ziache wazi. Kama umechelewa, ndizo siku zako za fidia. Kama hujachelewa, ipo novela ya pili ya Nghi Vo, When the Tiger Came Down the Mountain.

Angalia hali yako mara mbili tu, tarehe 10 na tarehe 20. Kuhesabu kila siku kunageuza kusoma kuwa mahudhurio ya kazini. Tarehe 10, kama uko nyuma kwa kurasa zaidi ya 80, ondoa kituo kimoja. Tarehe 20, kama bado uko nyuma, ondoa vituo vyote vilivyobaki. Mfululizo mkuu usiuguse. Watu hufanya kinyume: hukimbilia kijitabu chembamba ili idadi ipande, na kiporo kinabaki kiporo.

Masikio na simu

Kitabu cha sauti kinaongeza saa ambazo macho hayana: kuosha vyombo, kupiga pasi, foleni ya Mwenge au Thika Road. The Way of Kings ina zaidi ya saa 45 za kusikiliza. Kwa mwendo wa 1.25 zinashuka hadi 36, na msimulizi bado anasikika binadamu. Ukipanda hadi 1.75 majina ya kubuni yanayeyuka, hasa kama hujawahi kuyaona yameandikwa. Dawa yake ni kufungua mara moja ile sampuli ya bure ya kitabu dukani mtandaoni na kuyatazama majina ya sura za mwanzo. Ukishaliona jina «Kaladin» kwa macho, sikio halipotei tena.

Kuhusu bando: sauti ya kbps 64 ni kama MB 29 kwa saa. Saa 45 ni kama GB 1.3. Pakua yote kwenye waifai kabla ya mwezi kuanza, usisikilize moja kwa moja mtandaoni ukiwa njiani, kwa sababu mtandao ukikatika mara tatu kwenye sura moja utaizima na hutairudia.

Anayesomea simu apunguze mwanga, awashe hali ya ndegeni, na aongeze ukubwa wa herufi mpaka mstari uwe na maneno saba au nane. Kurasa za simu si kurasa za kitabu. Programu nyingi huonyesha asilimia, kwa hiyo geuza mpango wako kuwa asilimia: kitabu cha kurasa 250 kwa siku tano ni asilimia 20 kwa siku, basi. Na simu yenye chaji asilimia 15 saa mbili usiku, umeme ukiwa umekatika, haisomwi na mtu, kwa hiyo pawabenki ijazwe kila umeme unaporudi.

Ukimaliza kitabu, andika kadi yake usiku huohuo kabla ya kulala. Ukingoja siku tatu majina ya pembeni yameshatoka, na hao ndio hurudi kwenye juzuu inayofuata wakiwa na kisu. Ikunje, iweke ndani ya jalada la nyuma pamoja na tarehe. Kama ulisoma kwa simu, piga picha ya kadi na uihifadhi kwa jina la kitabu na namba ya juzuu.